Kaya 40 ziliitikia, bustani zikabaki 6: tatizo ni mtazamo wa wakulima?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wilayani Chamwino, Dodoma. Desemba ya mwaka juzi mradi mmoja ulituletea mbegu za kabichi, chainizi, nyanya na karoti, tukazigawa kwa kaya 40 zenye watoto wadogo. Mafunzo yalifanyika, watu wakafurahi, kila mmoja akasema bustani ya nyumbani ni jambo jema. Septemba iliyofuata nilipozunguka nilikuta bustani 6 tu ndizo hai. Mwenyekiti wa kijiji anasema watu wetu ni wavivu na hawana mwamko. Sasa nimeagizwa niandae dodoso la kupima mtazamo wa wakulima kuhusu bustani za mboga, halafu tugawe mbegu tena Desemba hii. Nianzie wapi? Na hao walioacha nawabadilishaje? Mwenyekiti anataka pia sheria ndogo ya kuwafungia mbuzi, je, itasaidia?

JIBU: Marahaba, dada yangu.

Nianze na mwenyekiti, maana neno lake ndilo litakaloingia kwenye ripoti usipoangalia. Watu wanaoamka alfajiri kupanga foleni ya maji, wakatoka hapo kwenda kupalilia uwele mpaka jua la utosi, si wavivu. Na mwamko? Dodoma hiyo hiyo ndiyo inayojulikana nchi nzima kwa zabibu, zao ambalo halikuwa la mababu zao, linalotaka kupogolewa, kupigwa dawa na kusubiriwa. Alizeti nayo imeingia hadi vitongoji ambavyo gari halifiki wakati wa mvua. Mkulima akiona faida ya kitu hahitaji kuhamasishwa mara mbili. Kwa hiyo kaya 34 zikiacha bustani, mimi nasoma hivi: wamejaribu, wamepiga hesabu, wamekataa. Kazi yako ni kuiona hiyo hesabu waliyoipiga.

Tazama kwanza mwezi mliogawa mbegu. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 570 tu. Desemba hadi Februari kila mkono wa kaya uko shambani: kupanda, kurudishia zisizoota, palizi ya kwanza, palizi ya pili. Uwele na mtama zikianza kukomaa, watoto na akina mama wanahamia kwenye kuwinga ndege. Hapo katikati ndipo mlipomwomba mama huyo huyo asie kitalu cha kabichi, akihamishe, akipalilie na kukikagua wadudu.

Na katika miezi hiyo mboga ni bure. Mlenda, mgagani, mchicha pori, majani ya kunde, majani ya maboga: vyote vinaota humo humo shambani, vingine vikiwa magugu. Mama anakwenda kupalilia na kurudi na mboga ya jioni imefungwa kwenye pembe ya khanga. Kabichi inayodai miezi mitatu ya kuhudumiwa inashindana na mboga inayong'olewa leo bila senti. Ningekuwa mimi ndiye huyo mama, ningeitikia vizuri mkutanoni kisha niache kabichi ijitegemee.

Njaa ya mboga inakuja baadaye. Kuanzia Julai mpaka mvua nyingine inyeshe, kilichobaki ni mlenda mkavu uliohifadhiwa, maharage kwa mwenye hela, na fungu la mchicha lililosafirishwa kutoka mabondeni. Huo ndio wakati wa bustani, na ndio wakati ambao maji yamekuwa kazi. Kwa hiyo bustani inayoanza Desemba inaanza pasipohitajika na kufa pale inapohitajika. Suala la mtazamo bado hata hatujaligusa.

Tuingie kwenye maji, maana ukikosea hapa mengine yote ni maneno. Matuta mawili ya mita 1 kwa 5, yaani mita za mraba 10, ni bustani ndogo sana. Kiangazi, na upepo wa Dodoma unavyokausha, panga lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hiyo ni lita 40 hadi 50, ndoo 2 mpaka 2 na nusu, kila siku. Kama bomba lipo kitongojini na ndoo ni shilingi 50, bustani inakula shilingi 100 hadi 125 kwa siku, kama shilingi 3,500 kwa mwezi, na mboga itakayotoka inalipa. Lakini kama bomba liko kilomita 2, ndoo 2 maana yake ni safari 2 za kichwani juu ya zile anazokwenda tayari. Hakuna semina itakayomfanya mwanamke mwenye mtoto mgongoni atembee kilomita 8 zaidi kila siku kwa ajili ya chainizi.

Ndiyo maana nakushauri ugeuze mambo: usimpe mtu kipimo cha bustani, mpimie maji yake machafu. Mwambie aweke ndoo moja ya kukusanyia, na kwa siku tatu maji yote ya kuoshea vyombo, kuoshea mboga, kunawia na kuogea watoto yaingie humo. Utashangaa. Kaya ya watu 6 hata yenye shida ya maji inaweza kutupa ndoo nzima kwa siku bila kujua. Ndoo moja ni mita za mraba 4 za mboga. Basi bustani yake ni mita 4, si 10, na haijamwongezea safari hata moja. Maji yenye sabuni kidogo hayana neno yakimwagwa chini kwenye shina. Yale ya kufulia yenye dawa ya kuondoa madoa, na yale ya nepi za mtoto, yaende kwingine. Na asimwagie majani, hasa ya kitu kinacholiwa kibichi.

Kuna jambo la matuta pia. Mafunzo mengi yanafundisha tuta la kuinuliwa kwa sababu wakufunzi wamesomea kwenye mvua nyingi. Dodoma tuta la kuinuliwa linakauka kabla ya saa sita. Chimba lididimie: toa udongo sentimita 30 hivi, changanya na samadi iliyooza, rudisha, lakini uache tuta likiwa chini ya usawa wa ardhi kwa upana wa kiganja. Kila tone linabaki ndani na upepo unapita juu. Funika udongo na matandazo ya mabua au nyasi kavu. Bustani ya gunia nayo inafaa kwa mwenye kiwanja kidogo, mradi uweke katikati bomba la kokoto la kuteremshia maji hadi chini. Ukilisahau, maji yanaishia juu na miche ya pembeni chini inakufa kwa kiu.

Sasa nenda kwa wale 6. Nasema hivi kwa uzito: kama una siku tatu tu za kazi hii, zitumie zote kwao, dodoso lisubiri. Usiende kuwapongeza, nenda ukachungulie. Maji ya bafu yanamwagikia wapi? Kwenye vijiji vingi utakuta matembele mabichi kabisa Oktoba yakiwa nyuma ya bafu la miti, na mpapai umesimama hapo hapo, na mwenye nyumba hata hayahesabu matembele hayo kuwa ni bustani. Uzio ni wa nini, na nani aliukata? Kuku wanalala wapi, na asubuhi wanafunguliwa saa ngapi? Nyumbani kuna binti wa darasa la 6 au bibi anayeshinda hapo? Mume yupo au yuko machimboni? Kwenye yale matuta kuna nini hasa, zile mbegu zenu au kitu kingine? Naweka dau kwamba kabichi haipo.

Kuhusu kabichi na wenzake niseme wazi. Kabichi inakaa miezi mitatu, inatoa kichwa kimoja, basi. Haitoi maua mpaka ipate baridi ya muda mrefu, na Dodoma baridi hiyo haipo, kwa hiyo mkulima hawezi kuvuna mbegu. Msimu wa pili anarudi duka la pembejeo mjini au anangoja mradi. Nyanya tangu 2014 zina kantangaze, yule mdudu anayechimba jani mpaka linaonekana limeungua, na bila dawa na usimamizi wa karibu anamaliza shamba zima. Ni mtihani mgumu kwa mtu anayeanza na mita 4. Karoti inataka udongo laini wa kina na subira. Mmewapa wanaoanza mazao ya wazoefu.

Mchicha unavunwa wiki ya 4. Ukiuchuma ncha unachipua tena. Acha mashina 3 ukingoni yakomae, kila shina linatoa mbegu kwa maelfu, na hapo mradi umekufa kifo cha heri kwa sababu hauhitajiki tena. Matembele hayataki mbegu kabisa, ni kukata marando ya jirani na kuyachomeka. Kunde inakupa majani na punje. Kama mnataka mbegu zilizoboreshwa, taasisi ya utafiti ya Tengeru na Kituo cha Mboga Duniani pale Arusha wamefanya kazi kubwa kwenye mboga zetu za asili: mchicha wa Madiira, mnafu wa Nduruma na Olevolosi, nyanya chungu ya Tengeru White. Zote ni mbegu ambazo mkulima anaweza kuzitunza mwenyewe. Kwa lishe ya mtoto mchicha unaiacha kabichi mbali kwa vitamini A na madini ya chuma, iwe umechumwa porini au umepandwa.

Ongeza na ile miti ya mboga, kila kaya shina 2 au 3: kisamvu cha mti, mlonge, chaya. Mizizi yao inakwenda chini na kiangazi bado vina majani. Chaya na kisamvu vichemshwe vizuri, chaya isipungue robo saa, visiliwe vibichi kamwe kwa sababu vina sumu inayotoka kwa moto. Elekeza hilo siku ya kugawa vipande, usiahirishe.

Wanyama. Mara nyingi ukiuliza kwa nini bustani imekufa utajibiwa maji, lakini ukikaa kidogo utasikia habari ya mbuzi. Mbuzi mmoja, asubuhi moja, jitihada ya miezi miwili imeisha, na mtu aliyepata hasara hiyo hapandi tena. Kuku ni wabaya zaidi kwa sababu ni wa nyumbani na hawafukuziki, wanapekua kitalu siku ile ile ulipomwagilia kwa kuwa udongo umelainika. Uzio wa miiba mikavu uliofumwa chini kwa mabua unazuia kuku na mbuzi. Minyaa iliyopandwa kama ua inachelewa lakini inadumu. Vyandarua chakavu vimeonekana sana kwenye vitalu, na kama mhudumu wa afya unajua msimamo: kipya ni cha kitandani.

Sheria ndogo ya mwenyekiti haitafika mbali. Inabidi ipite kwenye mkutano wa kijiji na kupata baraka za halmashauri ya wilaya, na hata ikipita, baada ya mavuno desturi ni mifugo kuachiwa kula mabua mashambani. Huwezi kuwafungia mbuzi wa kijiji kizima kuanzia Julai kwa ajili ya bustani 6. Siku bustani zikiwa 60 wenyewe wataidai hiyo sheria. Kwa sasa zungushieni miiba.

Hapo kwenye miiba ndipo tunapokutana na mtazamo wa kweli, na si wa yule mliyemfundisha. Kukata miiba na kuchimba shimo la tuta, kwenye kaya nyingi, ni kazi ya mwanamume, na mwanamume hakuwepo kwenye mafunzo yenu kwa sababu mliita mama wenye watoto. Kwake mita 4 za mchicha ni mambo ya shilingi 200, anaona aibu hata kuulizwa. Ile ile bustani ikikua ikaanza kuuza mjini, ataiona, na mara nyingi ndipo inapobadilisha mmiliki. Vitunguu na nyanya za umwagiliaji nchi hii ni biashara ya wanaume kwa sehemu kubwa. Sikushauri upambane naye kuhusu usawa siku ya kwanza. Mwombe siku moja ya kazi yenye mwisho unaoonekana: uzio na shimo. Mpe kazi hiyo mbele ya wenzake, na umtajie mtoto wake kwa jina. Kumwagilia baada ya hapo wataelewana wenyewe.

Nimalizie habari ya uvivu kwa mfano wa Kilimanjaro, maana hautakosa kutajwa kwenye vikao: "Mbona Wachagga wana bustani?" Kihamba cha Mchagga ni kweli bustani ya nyumbani ya kupigiwa mfano, na kile cha kijiji cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Lakini tazama kinasimama juu ya nini. Mvua ya mlimani ni maradufu ya Dodoma na zaidi, mifongo, yaani mifereji ya asili, imeleta maji hadi mlangoni, ng'ombe amefungwa ndani analetewa majani, na samadi iko hatua kumi kutoka kwenye migomba. Maji, uzio na mbolea vimekwisha kutatuliwa kabla mtu hajashika jembe. Mhamishe Mchagga mmoja Chamwino mumpe mbegu za kabichi Desemba, tuone.

Dodoso sasa, kwa kuwa umeagizwa na lazima litoke. Swali la "Je, unaona bustani ya mboga ni muhimu?" lifute. Umekuja na fulana ya mradi, umesalimia vizuri, umekaribishwa kigoda; nani atakujibu hapana? Watajibu ndiyo 40 kwa 40, na hawatakuwa wamedanganya, kwa sababu kweli wanaona ni jambo jema. Uliza vitu vilivyotokea. Jana mlikula mboga gani, ilitoka wapi, ilinunuliwa shilingi ngapi na nani alitoa hela? Mara ya mwisho kukosa mboga kabisa ilikuwa mwezi gani? Ndoo ngapi ziliingia ndani jana, nani alizibeba, maji ya vyombo yalimwagwa wapi? Nani anaamua kona gani ya kiwanja ipandwe? Muulize mume peke yake na mke peke yake, maana majibu ya pamoja ni ya mume. Halafu nenda kaone kwa macho, Septemba, si Machi. Bustani naihesabu kuwa imepokelewa ikiwa kiangazi cha pili bado ipo, na imepandwa kwa mbegu au vipande ambavyo mradi haukuvileta. Kwa kipimo hicho wale 6 wako wanaweza kuwa 4, na bado hao 4 wana mafunzo kuliko warsha yoyote.

Tahadhari moja kwenye ahadi. Usiwaambie wazazi kwamba bustani itaondoa udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 umeonyesha Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, na Iringa ni mkoa wa chakula na wa mboga. Udumavu una mambo mengi: uji mwepesi, kuharisha, mimba za karibukaribu, mama kukosa muda. Bustani inachofanya ni kuongeza aina za vyakula sahanini. Kwenye jaribio lililofanyika Rufiji, matokeo yake yakachapishwa 2021, wanawake wa vijiji vilivyopewa mafunzo, mbegu na ufuatiliaji wa karibu walikula wastani wa nusu kundi zaidi la chakula kwa siku kuliko wa vijiji vya kulinganisha. Linasikika dogo; kwa mtu anayekula ugali na mlenda kila siku si dogo. Na Rufiji kuna maji.

Kaya ambazo hata ndoo moja ya maji machafu hazipati, ziondolee kabisa suala la bustani. Hizo zifundishe kukausha mboga za bure za Februari na Machi: majani yachovywe kwenye maji yanayochemka dakika 2 au 3, yaanikwe kivulini penye upepo na si juani kwenye bati, maana jua ndilo linalochoma vitamini A. Wakati wa kupika watie karanga za kusaga au mafuta kidogo ya alizeti, ambayo hapo kwenu hayakosekani, ili hiyo vitamini iingie mwilini. Kaya ya namna hiyo iandike kwenye ripoti kuwa imefanikiwa.

Na mbegu za Desemba hii usizigawe zikifika. Zitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko, uiweke ndani palipo baridi, mpaka mwisho wa Machi, palizi ikiwa imekwisha na udongo bado una unyevu. Aprili watu wachimbe, Mei wavune mara ya kwanza, na Julai inapoanza shida wawe tayari wana mazoea ya ile ndoo ya maji machafu. Ukimpata bwana shamba wa kata mapema, mwombe abadilishe orodha ya mbegu kabla mradi haujanunua. Akishindwa, na kwenye boksi mkakuta tena kabichi na nyanya, wape wale 6.